Mbele ya Farasi wa Adui

Ndani ya sanduku la kioo kwenye makumbusho, askari wa miguu wa karne ya kumi na tisa, waliochongwa kwa mti, walisimama wamebanana huku farasi wa adui wakiwajia mbio. Wanajeshi wawili wastaafu waliwatazama.

Shaweji alimwonyesha Feruzi askari mmoja. "Mwenzake angekimbia, huyu angekufa."

"Kweli."

"Siku ile ya vita darajani wenzetu wote walikimbia, wewe ukabaki nami. Miaka thelathini sijakwambia." Akamgeukia. "Asante, ndugu yangu."

Feruzi alimshika mkono, machozi yakimtoka.

Mlinzi alikuja kuwaambia kwamba makumbusho yanafungwa. Akawakuta wameshikana mikono, akawaacha, akarudi zake polepole.