Zamu ya Nyamizi

Katika mji ule kila mtu alichomwa sindano iliyoupangia mwili wake saa za kulala na za kuamka. Mihambo aliwekwa zamu ya mchana, mkewe Nyamizi zamu ya usiku. Kwa miaka kumi na tisa, mmoja alipoamka mwenzake alikuwa anasinzia.

Mihambo alipostaafu aliruhusiwa kubadili zamu, akaomba ya mkewe. Wiki nzima mwili ulimsumbua. Njaa ilimjia wakati wa kulala, na siku moja alilia mbele ya sahani ya ugali asijue analilia nini. Kisha akatulia.

Jioni ya kwanza waliamka pamoja. Nyamizi alimmiminia chai, akakaa kimya.

"Mama Tabu, mbona huongei?"

"Nimezoea kuongea nawe umelala, Baba Tabu. Kila siku kabla ya kwenda kazini nilikaa kitandani nikakueleza yangu yote."

"Basi nieleze sasa."

Nyamizi alijaribu, akaishia njiani. "Siwezi. Unanitazama."

Kesho yake Mihambo aliwahi kuamka, lakini hakufumbua macho. Alivuta pumzi taratibu kama mtu aliyezama usingizini. Baada ya muda godoro likabonyea kando yake, mkono ukamgusa bega, na mkewe akaanza kumsimulia, kwa sauti ya chini sana, habari ya mimba iliyomtoka akiwa peke yake nyumbani, mwaka ambao Tabu alianza shule.

Mihambo aliendelea kulala.