Mayai ya Bata na Cheti cha Kishingo

Mungu anisamehe, mke wangu alipojiunga na kozi fupi ya chuo kikuu nilimcheka, kama Bata alivyomcheka Kuku Kishingo.

“Shoga, kuku mzima unaenda chuoni kufundishwa mayai?”

“Nataka kazi ya kutotolesha vifaranga, dada. Siku hizi wanataka cheti.”

Siku aliyorudi na cheti chake, Kishingo alimkuta Bata analia. Mvua ilikuwa imelowesha kiota, mayai yamepoa, naye anayasukuma jalalani.

“Hebu ngoja.” Kishingo akaliinua yai moja juani, akachungulia. “Mishipa naiona, na moyo unapiga. Yaatamie upesi.”

Bata akayaatamia, na vifaranga wakatoka wote, alhamdulillahi.

Ndugu yangu, ukisikia kozi nyingine imefunguliwa, naomba unijulishe.