Tuba la Mzee Lwitiko

Jirani yao, Mama Sofia, anadai Mzee Lwitiko alitolewa kwenye duka la ala za muziki kwa sababu ya kiburi, eti kila tarumbeta alilitoa kasoro. Lakini aliyekaa naye kule ni mkewe, Bi Nambua.

Lwitiko alipuliza tuba la kwanza, lile tarumbeta kubwa la kupakatwa. "Zito." La pili. "Linavuja pumzi."

"Mzee, unachagua tuba au mchumba?" muuzaji akamtania. Lwitiko hakucheka, kikohozi kilikuwa kimemshika.

Akapakatishwa la tatu, linang'aa kama sinia la harusi. Akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ikatoka sauti nyembamba, ikakatika.

"Hili ndilo bovu kabisa," akasema akihema. "Lile langu nililowauzia nyie lilikuwa likilia, msiba mzima unanyamaza."

Bi Nambua akapapasa tumbo la tuba. Kidole kikazama pale lilipobonyea siku lilipomponyoka mumewe kwenye ngazi za kanisa. Walikuwa wamelisugua tu. Akamtazama muuzaji, muuzaji akainamisha macho.

"Mama, hebu waombe wanirudishie lile langu," Lwitiko akamwambia mkewe.

Bi Nambua akashika pindo la kanga, akafuta mdomo wa tuba, akaufuta tena, ingawa ulikuwa umeshakauka.