Mama Ameamka Salama

Saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi ilifika, ikapita, na birika la mama halikuchemka.

Injinia alikaa kitandani akiikodolea macho simu. Kwenye kioo, mstari unaoonyesha umeme wa birika ulikuwa umelala chini, sifuri tupu. Alisubiri nusu saa, bado sifuri. Akampigia mama. Simu iliita mpaka ikachoka.

Tuseme ukweli: huyu hakuwa injinia. Kazi yake ilikuwa kuuza bima za magari. Jina hilo alipewa na ndugu zake siku alipoifungua plagi janja, ile inayopima umeme, akaiunganisha na kompyuta kwa nyaya nne nyembamba, akafuta programu ya kiwandani na kuweka nyingine aliyoichagua mwenyewe. Alisema hawezi kuruhusu watu wa ng'ambo wajue mama yake anakunywa chai saa ngapi. Aliijaribu kwa balbu ya wati mia, akairekebisha, akaijaribu tena, jioni tatu mfululizo, hadi ikasoma mia kamili. Kisha akasafiri saa nne hadi kwa mama, akaichomeka ukutani jikoni, akachomeka birika, akala, akaaga.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Hakurudi tena. Arudi kufanya nini, na mama anamwona kila siku kwenye simu?

Kila asubuhi, birika lilipoanza kuvuta umeme, alituma mchoro kwenye kundi la familia: "Mama ameamka salama. Wati 1,840." Wadogo zake walijibu kwa picha za mioyo, wakarudi kulala.

Aliyemkera ni dada yake mkubwa, aliyekaa mtaa wa pili tu. Injinia alipita mbele ya nyumba yake kila jioni akitoka kituo cha basi, ila kuingia, wapi! Dada huyo, kila mwisho wa mwezi, alibeba mizigo akapanda basi kwenda kwa mama kama watu wa zamani.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," dada aliandika siku moja kwenye kundi.

"Dada, methali hiyo ilitungwa kabla ya intaneti," alijibu, na kundi zima likacheka.

Raha iliyoje, miezi mitano iliyopita dada aliacha zile safari. Injinia alijipongeza. Hatimaye na yeye ameelimika.

Mama mwenyewe alimpigia mara moja moja, dakika mbili hazifiki.

"Leo umeniona, mwanangu?" mama aliuliza mara ya mwisho.

"Nimekuona, mama. Saa kumi na mbili na dakika saba."

"Haya, vizuri. Mimi nilikuona jana."

Uzee huo, maskini, aliwaza. Ameanza kuota mchana.

Sasa alikodi teksi kwa safari ya saa nne, yeye ambaye nauli ya basi ilimshinda mwaka mzima. Hakumwambia dada, hakutaka kusikia habari za fimbo. Njiani alijaribu kukumbuka mama alikuwa analalamikia goti gani, la kulia au la kushoto, akashindwa, akaona haya mbele ya dereva ambaye hakuwa amemuuliza kitu. Alimwomba Mungu amkute mama hai, hata kama ni mgonjwa, hata kama ni wa kumtukana.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli kwa nje. Kwenye dirisha la chumba cha mama, buibui alikuwa amejenga, amehamia na ukoo wake.

"Mama!" Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili. "Mama!"

Jirani, mama mmoja mshonaji, alitoka mbio huku akijifunga kitambaa kichwani, ufunguo mkononi.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikesha nikishona, leo nimepitiwa na usingizi. Ngoja nikuwashie sasa hivi."

"Uniwashie nini? Mama yangu yuko wapi?"

Mshonaji alimtazama kwa huruma.

"Goti lilimzidi, dada yako akaja kumchukua. Miezi mitano sasa. Mimi mama yako akaniachia ufunguo na majani ya chai, nichemshe kila siku saa ile ile. Alisema kifaa chako umekihangaikia sana, kikinyamaza utaumia roho."

"Kwa dada? Pale mtaa wa pili?"

"Hapo hapo. Mama yako anasema kila jioni anakaa kibarazani kukungoja. Ukipita anakupungia mkono, ila wewe huwa umeinamia simu."