Na Mwanawe Apokee

Simu ilikuwa ikijibonyeza yenyewe juu ya meza. Hakuna mkono ulioigusa, lakini kurasa zilifunguka, kengele ya dawa ikalia, kitufe cha kunyamazisha kikazama mara tatu. Kwenye kompyuta mistari ya jaribio ikageuka kijani mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho ukawa mwekundu.

"Tena," alisema mtengeneza programu, akaanza kuipekua kazi yake kwa mara ya sita.

Yeye na dada yake waligawana kazi hivi: dada aliandika kwa maneno ya kawaida jinsi programu yao ya kuwakumbusha wagonjwa dawa inavyopaswa kutenda; mdogo mtu akayafanya maneno yale yaiendeshe simu halisi, kana kwamba kuna mtu ameishika. Sentensi iliyomtoa jasho ilisema: "Ikiwa mgonjwa hajanywa dawa, akinyamazisha kengele mara tatu, basi mwanawe apigiwe simu, na mwanawe apokee."

Saa kumi daktari mwenye zahanati angekuja kutazama. Mistari yote ikiwa kijani, angeichukua programu yao. Ukibaki mwekundu hata mmoja, angechukua ya kampuni nyingine, na miezi minane ya kazi ingekwenda na maji.

Simu yake ikatetema mfukoni. Akaitazama, akaikata.

"Nani?" dada akauliza.

"Mama. Leo kaamka na mimi."

"Si umpokee."

Akamjibu kwamba akipokea tu, itaanza habari ya bomba la jikoni, iende kwa binamu, iishie kwenye lini ataoa, na saa nzima itakuwa imeyeyuka. Angempigia jioni. Dada akamkumbusha kwamba jioni hiyo mama anaisubiri tangu mwezi uliopita.

Akaulaumu mtandao. Akailaumu simu ya majaribio, kongwe yenye ufa kiooni, ambayo dada aliileta asubuhi akisema wagonjwa wao ni wazee, na wazee hawana simu mpya. Alipokwisha kuvilaumu vitu, akageukia watu.

"Huyo mwana uliyemweka kwenye jaribio ni mtu wa namna gani? Mzazi anapiga, yeye kimya. Mwambie apokee."

"Nitamwambiaje, naye simu hapokei?"

Akasonya. Akasema mwana wa aina hiyo hata radhi haipati. Dada akasema hapo hana la kumpinga.

Saa kumi kasoro dakika mbili akaendesha jaribio la mwisho. Daktari alishasikika nje akipangusa viatu. Kengele ikalia, ikanyamazishwa mara tatu, mistari ikashuka kijani kibichi mpaka kwenye ule wa mwisho, ikasimama hapo ikisubiri. Mfukoni, mtetemo ukaanza upya.

Mabega yakamwanguka. Ikiwa kazi imeshapotea, basi heri asikilize habari za bomba. Akaiweka simu sikioni.

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo, mama," ikasema simu yenye ufa juu ya meza, kwa sauti ya mtengeneza programu mwenyewe.

Mstari wa mwisho ukageuka kijani.

"Marahaba," akaitikia dada kwa niaba ya mama, mwenye simu ile.