Kapu la Kila Asubuhi

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa duka lake pale Lodwar, Akuwam alijaza kapu zima la shanga ambazo hakuwa na nia ya kuzinunua.

Alifanya hivyo kwenye simu, amesimama uani, mswaki wa mti ungali mdomoni. Aliingia katika duka la mtandaoni la Yar, mwanamke wa Kidinka aliyekuwa akiishi kambini Kakuma, akabonyeza mkufu, akabonyeza bangili, akabonyeza mshipi, mpaka kapu likafurika. Kisha akaandika jina lolote lililomjia. Jana alikuwa Carol, leo Immaculée. Programu ilipouliza mji, kidole kilichagua Lodwar chenyewe. Ikaonyesha bei, ikaongeza nauli ya kutoka Kakuma, ikaomba malipo. Hapo Akuwam akaizima simu na kwenda kunywa chai.

Programu ile ilikuwa na utaratibu wake. Kitu kikishaingia kwenye kapu la mteja, kinawekwa kando siku nzima, na wengine wote wanaona kimeandikwa "Kimeshikwa". Akuwam aliujua utaratibu huo vizuri kwa sababu duka lake mwenyewe la mtandaoni lilifanya kazi vivyo hivyo.

Maduka yote mawili yalitengenezwa na mtu mmoja, Magloire, fundi wa kompyuta, Mkongomani wa kule Kakuma. Hilo ndilo lililomchoma. Siku alipogundua, alimpigia papo hapo.

"Magloire, duka langu umempa mtu mwingine!"

"Mama, si duka yako. Ile programu ni ya bure, haina mwenyewe. Mutu yeyote anaichukua, anaweka picha zake. Nilikuambia toka mwanzo."

"Lakini ulinijengea mimi kwanza."

"Ndiyo, wewe wa kwanza. Sasa kuwa na wa pili ni mubaya?"

Ilikuwa mbaya sana. Akuwam akakata simu.

Angevumilia kama duka la Yar lingekuwa baya. Mpangilio ulikuwa uleule, kitufe cha kijani kilekile, lakini picha! Yar alizipiga shanga zake shingoni mwa wasichana warefu wanaocheka. Akuwam alizipiga zake juu ya kitambaa cha meza. Na kila wiki Yar alikuwa na kitu kipya. Akuwam alizikuza picha zile kwa vidole viwili, akitafuta uzi uliolegea, asiupate, na roho ikamuuma upya. Mtu mwenye shanga kama hizi, aliwaza, lazima anauza mpaka anachoka.

Yeye mtandaoni hakuwahi kupata oda ya mtu wa mbali. Wateja wake wote walikuwa wa Lodwar: walimu, wafanyakazi wa kaunti, mabibi harusi wa Desemba. Hao ndio waliomlipia chumba cha duka na karo ya watoto. Siku shanga za Yar zitakapowafikia, Akuwam atarudi Lorugum kupima sukari katika kiduka cha shemeji yake, yule shemeji aliyesema tangu zamani kwamba biashara ya shanga ni ya kupoteza wakati. Kakuma awe nayo Yar, hata na Lokichoggio aongezewe. Lodwar ilikuwa ya Akuwam.

Basi akajaza makapu mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alijua ni ubaya. Jumapili moja padri alipotaja kijicho kwenye mahubiri, aliinamisha kichwa kana kwamba ametajwa jina. Jumatatu akajaza makapu mawili.

Halafu Alhamisi moja aliingia kwenye duka la Yar akakuta hakuna mkufu wala bangili. Palikuwa na maneno machache tu: "Duka limefungwa kwa sasa. Asanteni."

Aliyasoma mara tatu. Akacheka peke yake uani hadi mswaki ukamdondoka. Siku ile kila aliyepita dukani alipunguziwa bei, hata ambaye hakuomba. Mchana akampigia Magloire, sauti imejaa asali.

"Nasikia dada Yar amefunga. Pole yake, jamani."

"Ee, mama. Amechoka na Kakuma."

"Mungu atamsaidia," Akuwam alisema, na kwa mara ya kwanza alimtakia Yar heri kwa moyo wake wote.

Jumatatu iliyofuata, chumba kilichopakana na duka lake, kilichokaa kitupu tangu Krismasi, kilifunguliwa. Gari lilisimama nje, likashusha meza, kioo kirefu na maboksi. Mwanamke mrefu aliyekuwa akiyapokea maboksi alipomwona Akuwam mlangoni, alijipangusa vumbi, akaja kumsalimu kwa Kiturkana, kwa mikono miwili.

"Ejok, dada. Mimi ni Yar, nimetoka Kakuma. Sasa sisi ni majirani."

Akuwam alishika mlango. "Huku... umefuata nini?"

"Wateja, dada!" Yar aliangua kicheko. "Miezi miwili nimehangaikia karatasi za kutoka kambini. Kule hakuna mtu amenunua shanga yangu, hata moja, nilikuwa nataka kuacha. Lakini hapa Lodwar kuna wamama karibu mia wananipenda. Kila asubuhi wanajaza kapu, wakiona nauli wanaacha. Nikasema basi, hawa nitawaletea mpaka mlangoni."