Matusi ya Bi Mkubwa

Siku ya nne Zabibu hajatia kitu tumboni, na shingoni kajiviringisha mtandio, na jua la Tabora la Oktoba lilivyo! Yote kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Mtu huyo mtandaoni alijiita Bi Mkubwa, na picha yake ilikuwa ya kuku. Kila Zabibu akijianika kwa picha, huyo hapo: "Shingo ya mbuni hiyo, mume wangu ataitazamaje?" Mara: "Mashavu maandazi! Mume ni wangu, wewe utaosha vyombo." Na wafuasi wa Zabibu, elfu nne, watu wazima na ndevu zao, kazi yao kukenua meno na kutuma vicheko. Mijitu ya ovyo! Hata mmoja hakuuliza mtoto wa watu amekula nini.

Zabibu naye, kichwa maji. Chuo kaacha kwenda. Uso kauchubua kwa mkorogo mpaka unawasha. Aliapa kwamba Bi Mkubwa ni mke wa Majidi, muuza simu wa Chemchem, maana hakuna picha ya Zabibu ambayo Majidi aliacha kuilaiki.

Simu ikaita. Bibi yake, Koleta, kutoka Kigwa, mara ya kumi wiki hiyo. Zabibu akasonya, akakata.

"Nimempa simu yangu ya zamani anyamaze, sasa anajidai anajua kuitumia. Mshamba!"

Doto, mwenzake wa chumba, akamsogezea sahani ya ugali. "Kula basi, shoga."

"Nile niitwe maandazi tena?"

Mchana Bi Mkubwa akaja tena: "Umeficha shingo? Mume wangu kasema hata kuni huwezi kubeba."

Zabibu akalipuka. Akaandika: "Kufa wewe, na huyo mumeo bwege akufuate!"

Elfu nne wakashangilia kama wapo mpirani. Hapo hapo simu ikaita tena. Bibi. Safari hii alipokea ili amkaripie, hata shikamoo hakutoa.

"Mke mwenzangu!" Bibi alipiga kelele kwa furaha. "Miezi miwili nakutania hunijibu, nikasema mjini kumeshaniharibia mtoto. Leo umejibu! Nimemsomea babu yako, kacheka mpaka kapaliwa. Haya, mume wetu anauliza, umekula?"